Marie Curie, mama aliyechambua jiwe jeusi

Bandugu wachimbaji, bamama na batoto, wale wa Mulongo na wale waliotoka Mulongo wakaenda kutafuta kazi Manono, Likasi ao Kolwezi: leo tunawaletea maisha ya mwanamke mmoja aliyekufa zamani, mu mwaka wa 1934. Jina lake linajulikana dunia nzima, na hapa Katanga kuko hata mawe yanayobeba jina la jamaa yake. Kazi yake ilikuwa karibu na kazi yenu. Alichukua mizigo ya mawe, akatafuta ndani yake kitu kimoja tu, akakitenga na vingine vyote mpaka kikabaki peke yake. Kazi hiyo ilimpa heshima kubwa, na mwishoni ilimuua.

Ili tuielewe, tuanze na maneno mawili ambayo batoto wetu wanayasikia ku masomo kwa Kifaransa: corps pur na mélange. Siye tutasema kitu safi na mchanganyiko.

Safi ni nini?

Nyumbani, neno safi maana yake hakuna uchafu. Mu kemia, ndiyo elimu ya kujua vitu vimefanyika na nini, neno hilo lina maana ingine: kitu safi ni kitu cha aina moja tu, kisichochanganyika na kingine.

Tuangalie maji ya Lualaba. Mama wa Mulongo akichota ndoo wakati wa mvua, maji yanakuwa na rangi ya udongo. Akiyaacha mpaka asubuhi, matope yanashuka chini. Akiyachuja na kitambaa, yanangaa. Atasema sasa yamekuwa safi. Lakini akiyachemsha mu sufuria mpaka yakauke, ataona chini kuna alama nyeupe kama unga. Ule unga ulikuwa mu maji tangu mwanzo, ila macho hayakuuona. Kwa hiyo maji yale yenye kungaa yalikuwa bado mchanganyiko. Yale matone yanayoshika ku kifuniko cha sufuria, kisha mvuke kupoa, njo yanakaribia kuwa maji peke yake.

Mchanganyiko ni vitu viwili ao zaidi vilivyokutana, na kila kimoja kimebaki na tabia yake. Kipimo chake kinaweza kugeuka: supu ya samaki ya leo ina chumvi mingi, ya kesho ina chumvi kidogo, na zote mbili ni supu. Hewa tunayovuta ni mchanganyiko. Lutuku ni mchanganyiko wa pombe kali na maji. Hata chuma cha bronze, chenye kuonekana kitu kimoja toka inje mpaka ndani, ni shaba na bati vilivyoyeyushwa pamoja.

Vitu safi viko vya namna mbili. Kuna vile vya asili moja, kama shaba, dhahabu, bati na kobalti: ukivichambua namna gani, hutapata kingine. Na kuna vile vilivyofungana sana mpaka vikawa kitu kipya, na hivi havibadilishi kipimo hata siku moja. Mu gramu 9 za maji kuna gramu 8 za oksijeni na gramu 1 ya hidrojeni, kama ni maji ya Mulongo ao ya Ulaya. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wachimbaji wote wanalijua, ni vilevile. Shaba yake imefungana na vitu vingine, na huwezi kuitoa kwa nyundo wala kwa kuosha; inaomba moto na makala, kama walivyofanya bazee wetu walioyeyusha shaba ya misalaba. Lakini donge lenyewe unalotoa mu shimo lina udongo na mchanga pamoja na malakiti, kwa hiyo donge ni mchanganyiko.

Sasa swali ni hili: kama macho yanadanganya, mtu atajua namna gani kwamba jiwe lake lina kitu kingine kilichofichama? Maisha yote ya Marie Curie yalikuwa jibu la swali hilo.

Msichana wa Varsovie

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 ku Varsovie, mu inchi ya Polandi, na jina lake lilikuwa Maria Skłodowska. Wakati ule Varsovie ilitawaliwa na Warusi, na Wapolandi walikatazwa mambo mengi mu inchi yao wenyewe. Baba yake alifundisha hesabu na fizikia. Mama yake aliongoza shule ya wasichana, lakini alikufa na kifua kikuu wakati Maria alikuwa na miaka 10. Maria alikuwa kitinda mimba wa watoto 5.

Alimaliza masomo ya sekondari kwa sifa, lakini mlango wa universite ulikuwa umefungwa kwa wanawake. Siye tunaojua namna watoto wa jamaa wanavyopokezana kusoma, tutaelewa alichofanya. Yeye na dada yake mkubwa Bronia walipatana: Maria atafanya kazi ya kufundisha watoto mu nyumba za matajiri na kutuma feza Paris, ili Bronia asome udaktari, kiisha Bronia atamsaidia Maria kwa zamu yake. Maria alingoja miaka mingi. Mwisho, mu 1891, akapanda treni kwenda Ufaransa, akaingia ku Sorbonne. Alikaa mu chumba kidogo chenye baridi, akila kidogo. Mu 1893 alishika nafasi ya kwanza mu mtihani wa fizikia, na mwaka uliofuata nafasi ya pili mu hesabu.

Mu 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwalimu wa fizikia, mtu mpole asiyependa makelele. Binti yao wa kwanza, Irène, alizaliwa mu 1897.

Jiwe lililozidi hesabu

Mwaka mmoja mbele ya Irène kuzaliwa, mwalimu Mfaransa Henri Becquerel alikuwa ameona kwamba chumvi za uraniumu zinatoa mionzi isiyoonekana, yenye kupita mu karatasi nyeusi na kuacha alama ku sahani ya foto. Watu wachache walijali. Marie aliamua kuipima.

Mionzi hiyo inafanya hewa ipitishe umeme kidogo. Pierre na kaka yake Jacques walikuwa wametengeneza chombo cha kupima umeme mdogo sana, na Marie akakitumia. Akaona jambo moja la hakika: nguvu ya mionzi inafuata kiasi cha uraniumu kilichomo. Hata uraniumu iwe unga ao donge, ya kukauka ao yenye maji, hesabu haigeuki. Kwa hiyo, jiwe lenye uraniumu nusu linapaswa kutoa mionzi nusu.

Kiisha akapima mawe ya mugodi, moja kwa moja. Jiwe jeusi na zito linaloitwa peshiblendi, lililotoka Bohemia, lilitoa mionzi karibu mara 4 kuliko uraniumu yenyewe. Jiwe lingine la kijani, la shaba na uraniumu, aina inayopatikana hata huku Katanga, lilitoa mara 2. Hesabu ilikataa. Mchanganyiko hauwezi kuzidi nguvu ya kitu safi kilichomo ndani yake, isipokuwa kuko kingine.

Hapa njo tunaona akili yake. Alichukua vitu safi vyenyewe, akavipima na kutengeneza lile jiwe la kijani kwa mikono yake mu chumba cha kazi. Kwa macho ya mtu wa kemia, lilikuwa sawasawa na lile la mugodi. Lakini lake lilitoa mionzi kidogo, kama hesabu ilivyoomba. Basi jiwe la mugodi lilikuwa na mgeni ndani yake. Kiasi chake kilikuwa kidogo sana, mpaka wataalamu wote waliochambua jiwe lile mbele yake hawakukiona ku mizani.

Pierre aliacha kazi yake ingine, akamfuata mke wake mu kazi hiyo. Mu mwezi wa Julai 1898 walitangaza kitu cha kwanza, wakakiita poloniumu kwa heshima ya inchi ya Marie, ambayo wakati ule haikuwa hata na nafasi yake ku karta ya dunia. Mu Desemba wakatangaza cha pili: radiumu.

Banda la rue Lhomond

Kutangaza haikutosha. Watu wa kemia waliomba kuona kitu chenyewe, safi, ndani ya chupa. Wakuu wa shule waliwapa banda moja ku rue Lhomond, Paris, ambamo zamani wanafunzi wa udaktari walipasua maiti. Paa lake la vioo lilivuja mvua. Wakati wa jua kulikuwa moto kama tanuru, na wakati wa baridi maji yaliganda. Serikali ya Austria iliwapa mabaki ya peshiblendi yaliyotupwa mu msitu kiisha uraniumu kutolewa. Magari yalimwaga mifuko ya udongo wa rangi ya kahawia, na Marie akaanza.

Alifanya kazi kwa kilo 20 kila mara: kuponda, kuchemsha na dawa kali, kuchuja, kumwaga, kuanza tena. Alikoroga vyungu vikubwa na fimbo ya chuma yenye urefu sawa na yeye mwenyewe, siku nzima, mu moshi. Jioni mwili wote ulimuuma. Mchimbaji anayepiga piki toka asubuhi anaijua hali hiyo.

Kwanza alitoa vile vilivyo rahisi kutoka. Mwisho, radiumu ilibaki imeshikana na bariumu tu, kwani vitu hivyo viwili vinafanana tabia kama ndugu mapacha. Dawa inayokamata kimoja inakamata na kingine. Hapa alitumia njia ambayo bazee wetu Waluba wangeielewa. Walichukua udongo wenye chumvi, wakaumwagia maji, wakachuja, wakachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki chini. Marie naye aliyeyusha chumvi zake mu maji ya moto, akaacha zipoe. Punje za kwanza kushika zilikuwa na radiumu zaidi kidogo kuliko maji yaliyobaki. Alizitoa, akaziyeyusha tena, akaacha zipoe tena. Kila safari alipata hatua ndogo sana, kwa hiyo alirudilia mara maelfu.

Alijua namna gani kwamba amefika? Kwa kupima uzito. Kila mara aliposafisha, uzito wa ile chembe ya asili, ile inayoitwa atomu, ulipanda juu, kwani bariumu nyepesi ilikuwa inatoka. Rafiki yao Demarçay aliangalia mwanga wa kila kipande kilipochomwa: mistari ya rangi ya bariumu ilififia, na ile ya radiumu ikazidi. Mchanganyiko unageuka kila unapousafisha. Kitu safi, usipate kukisafisha zaidi, namba yake inasimama.

Mu 1902, kiisha karibu miaka 4 na tani kadhaa za mawe, Marie alikuwa na sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi safi ya radiumu. Ni uzito wa punje 4 ao 5 za mchele. Usiku walirudi ku banda, wakaingia bila taa, wakaangalia vichupa vidogo vikitoa mwanga wa buluu mu giza.

Wangeweza kuandikisha njia yao na kuwa matajiri, kwa maana madaktari walianza kutumia radiumu ku kansa. Walikataa, wakaandika kila kitu wazi ili kila mtu aweze kufanya.

Mu 1903 walipokea tuzo la Nobel la fizikia, pamoja na Becquerel. Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, Pierre aliteleza barabarani, akakanyagwa na gari la farasi, akafa palepale. Marie alibaki na watoto wawili wasichana. Mdogo, Ève, hakuwa na miaka 2. Universite ilimwomba ashike nafasi ya bwana wake, naye akawa mwanamke wa kwanza kufundisha ku Sorbonne. Mu 1910, pamoja na André Debierne, alitoa radiumu ya chuma, nyeupe, bila kufungana na chumvi. Mwaka uliofuata Academie ya sayansi ya Paris ilimkataa ku kura, lakini mu mwaka uleule alipewa Nobel ya pili, ya kemia. Wakati wa vita ya 1914 aliingia mu magari yenye mashini ya radio, akaenda mbele ya vita na Irène kuwatafutia madaktari risasi mu miili ya askari.

Jiwe la Katanga

Mu 1915, mzungu mmoja mtafuta madini, Robert Sharp, aliona mawe ya rangi za ajabu ku Shinkolobwe, karibu na Likasi. Yalikuwa na uraniumu mingi kuliko mawe yote yaliyojulikana wakati ule. Union Minière ilifungua mugodi mu 1921, na mu 1922 fabrike ya Olen, Ubelgiji, ikaanza kutoa radiumu ya kuuzisha. Kazi ilikuwa ile ya banda la rue Lhomond, lakini mu matanki makubwa.

Mu 1921, gramu 1 ya radiumu ambayo wanawake wa Amerika walimnunulia Marie iligharimu dola 100.000. Mu 1929, feza za gramu ya pili zilikuwa dola 50.000 tu. Jiwe la Katanga lilikuwa limeangusha bei.

Wataalamu wa Ubelgiji walipochambua mawe yetu, walikuta aina mpya. Moja nyekundu iliitwa curite, kwa jina la Pierre. Moja ya manjano iliitwa sklodowskite mu 1924, kwa jina la Marie la kizazi. Ingine iliitwa kasolite, kwa jina la Kasolo, palepale Shinkolobwe. Wale waliochimba na kuchagua mawe hayo kwa mikono yao, majina yao hayakupewa jiwe hata moja. Tunawakumbuka leo.

Yote aliyolipa

Mionzi ya radiumu haina harufu, haina moto wa kuhisi ku mkono. Pierre alijifunga chumvi ya radiumu ku mkono kwa saa kadhaa ili aone, akapata kidonda cha miezi. Vidole vya Marie vilikuwa ngumu na kupasuka. Alichoka bila sababu, macho yake yakafunikwa na ukungu, akapasuliwa mara nyingi. Alifanya miaka karibu 35 akibeba vichupa mu mfuko wa nguo. Mwisho, mwili wake ukaacha kutengeneza damu. Alikufa tarehe 4 Julai 1934, mu hospitali ya milimani ya Ufaransa, na miaka 66. Mu 1995 mifupa yake ilihamishiwa ku Panthéon, pamoja na watu wakubwa wa Ufaransa. Madaftari yake ya kazi yangali yanatoa mionzi mpaka leo, yanawekwa mu masanduku ya risasi nzito.

Na siye?

Shinkolobwe ilifungwa, watu wakarudi kuchimba kobalti mle, serikali ikaifunga tena mu 2004, na mwaka uleule shimo likaporomoka na kuua watu. Lakini uraniumu haikukaa Shinkolobwe peke yake. Mu mawe meusi ya kobalti ya sehemu zingine za Katanga iko vilevile, kidogo kidogo.

Njo maana maisha ya mama huyu yanatuhusu. Mfuko wako wa mawe una jina moja ku soko: shaba, kobalti, bati. Jina hilo ni la kitu kimoja kilichomo, kile ambacho mnunuzi anataka. Tenere anayokuambia ni kiasi cha kitu hicho ndani ya mzigo wote. Yote iliyobaki, yeye haihesabu, lakini wewe unaibeba mgongoni, unaivuta kama vumbi, na mama anaiosha mu mto ule ule tunaochota. Macho hayatambui kilichomo, kama vile hayakutambua mu peshiblendi. Chombo kinachopima mionzi leo kinatumia njia ya Marie: kinahesabu umeme ambao mionzi inaamsha ndani ya hewa. Chama cha wachimbaji chenye watu mingi kinaweza kukiomba, na kinaweza kuomba mzigo upimwe mara mbili, na watu wawili tofauti, mbele ya kukubali tenere.

Tunawaomba basi mambo madogo. Musiweke mifuko ya mawe mu chumba ambamo batoto wanalala. Musioshe mawe pale munapochota maji ya kunywa. Lowesheni jiwe mbele ya kuliponda, ili vumbi lipunguke, na oshani mikono mbele ya kula. Na mtoto wa kike akirudi na daftari ya kemia, akiwauliza kama chumvi ni kitu safi ao mchanganyiko, musimfukuze aende kuchota maji. Mkae naye. Munayajua mawe kuliko mwalimu wake, na yeye atawasomea majina ya vile vilivyomo.